Tranka la Mama

Mkoa wa Geita unaongoza kwa dhahabu nchini, lakini Mama hajawahi kumiliki hata hereni ya dhahabu. Kitu anachokifungia kufuli nyumbani kwetu Nkome ni tranka la bati, lile alilokwenda nalo kaka bweni, na ndani yake mna CD. Mna filamu za Steven Kanumba, kuanzia Oprah ya mwaka 2008 hadi Devil Kingdom ya mwaka 2011 aliyocheza na Ramsey Nouah wa Nigeria. Mna filamu za kigeni zilizotafsiriwa na Lufufu, yule aliyewafanya Wachina na Wahindi wazungumze Kiswahili cha mtaani. Mna kwaya za AIC, filamu za Kimisri alizotuletea shangazi anayefanya kazi Muscat, na mna DVD ya harusi ya kaka ya mwaka 2006.

Hiyo ya harusi ndiyo iliyoanzisha yote. Bibi, mama yake Baba, alifariki mwaka uliofuata. Picha zake za karatasi zipo mbili tatu, amesimama wima kama watu wa zamani walivyosimama mbele ya kamera. Lakini katika DVD ile Bibi anacheza. Anatoka nyuma ya jiko na ungo mkononi, anampandisha wifi jukwaani, anacheka hadi anashika magoti. Hakuna mahali pengine popote duniani ambapo Bibi anacheka. Kila Krismasi tunaiweka, na Krismasi ya mwaka juzi, Bibi alipotoka tu jikoni, picha ilikwama, ikavunjika vipande vipande, deki ikaanza kukoroma.

Mama alizima televisheni mwenyewe. Hakusema neno hadi kesho yake.

Nkome si mahali pazuri kwa CD. Tunaishi karibu na mwalo, na mchanga wa ziwa unaingia kila pahali, kwenye godoro, kwenye unga wa muhogo, kwenye kava za plastiki. Mikono inayobadilisha CD ndiyo hiyo hiyo inayoanika dagaa. Zaidi ya hapo, CD ya dukani na CD iliyonakiliwa hazina maisha sawa. Ya dukani imepigwa chapa kiwandani, vishimo vyake vimegandamizwa kwenye plastiki na havifutiki kwa joto la kawaida. Ya harusi imechorwa kwa mwanga wa leza juu ya tabaka la rangi, na rangi hiyo huchakaa kwa jua, joto na unyevu. Tulichokuwa tunakitegemea kutuhifadhia Bibi ndicho kilichokuwa dhaifu kuliko vyote tranka zima.

Baraza la nyumba likakaa, likaamua: kila kilichomo kinakiliwe kabla hakijafa. Baba mdogo akapigiwa simu Geita mjini.

Alifika Jumamosi kwa basi dogo, na laptopu ya zamani yenye mlango wa CD, maana mpya siku hizi hazina, pamoja na kopo la DVD tupu 50. Alipokelewa kama fundi wa kisima. Wifi alimpikia sato wa nazi, jambo ambalo kwetu halifanyiki kwa mgeni wa kawaida. Meza ya kulia ikageuzwa karakana, watoto wakafukuzwa, na mtoto wa kaka, kijana wa miaka kumi na saba anayejua kila kitu kuhusu simu, akateuliwa msaidizi.

Shida ya kwanza ilitoka kwa wifi, na aliifanya kwa upendo. Ilikuwa DVD ya harusi yake, akataka aisafishe kabla haijaingia kwenye mashine. Aliisugua kwa kitambaa cha jikoni, akiizungusha kama anavyosugua sufuria. CD haifutwi hivyo. Inafutwa kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa sababu habari zimepangwa kwenye mstari unaozunguka, na mkwaruzo unaofuata mstari huo unafunika mambo mengi mfululizo, ilhali unaoukata hupoteza kidogo tu, na deki huweza kuruka. Mchanga uliokuwa kwenye kitambaa ukaongeza mikwaruzo juu ya ile ya zamani. Wifi alilia. Mama, ambaye angeweza kusema mengi, alimwambia tu, "Basi, mwanangu, twende tuanike dagaa."

Shida ya pili ilikuwa ya kijana. DVD za filamu kubwa zimegawanywa kwa kanda za dunia. Sisi Afrika Mashariki tuko kanda ya 5, Uarabuni na Ulaya ni kanda ya 2, Australia kanda ya 4, Marekani kanda ya 1. Deki za bei nafuu kutoka China nyingi hazijali mipaka hiyo, ndiyo maana filamu za shangazi zilikuwa zikicheza sebuleni miaka yote bila tatizo. Laptopu inajali. Ukiiwekea DVD ya kanda nyingine inakuuliza kama unataka kuhama, na inaruhusu kuhama mara 5 tu. Baada ya hapo inabaki ilipo milele. Kijana aliweka DVD ya shangazi, akakubali. Akaweka moja ambayo Baba mdogo aliachiwa na mgeni wa Australia aliyekuwa mgodini, akakubali. Akaweka ya mmisionari wa Marekani, akakubali. Akarudi kwa shangazi, akarudi kwa Mwaustralia. Jioni Baba mdogo aliikuta laptopu yake imekuwa raia wa Australia wa kudumu, na filamu za shangazi haziwezi kufunguka tena ndani yake.

Kuna kufuli jingine zaidi ya hilo la kanda, ambalo watengenezaji wa filamu waliliweka tangu DVD zilipoanza kuuzwa katika miaka ya 1990, ili picha isomeke lakini isinakilike. Mwaka 1999 kijana wa Norway aliyeitwa Jon Lech Johansen, mwenye umri wa miaka 15, alishiriki kutengeneza programu iliyolifungua. Alishitakiwa, na mahakama za kwao zikamwachia huru mara mbili mwaka 2003, kwa hoja kwamba mtu hawezi kuhesabiwa mwizi kwa kufungua filamu aliyoinunua mwenyewe. Marekani walikuwa wameshatunga sheria ya kinyume mwaka 1998: kuvunja kufuli ni kosa, hata kama CD ni yako. Nilimsimulia Baba mdogo habari hiyo tukiwa tunakula, naye aliipenda hukumu ya Norway kupita kiasi, na hapo ndipo nilipopaswa kuanza kumwangalia kwa makini.

Filamu za Kanumba, kwa bahati, hazikuwa na kufuli. Zilinakilika vizuri, moja baada ya nyingine, umeme ulipokuwepo. Ulipokatika katikati ya kazi, DVD iliyokuwa ikiandikwa iliharibika moja kwa moja, haiandikiki tena, haisomeki. Wajukuu walizining'iniza shambani kufukuza ndege.

Sasa nifike kwenye mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukikomaa, mwanga wake unazishinda taa, dagaa hawakusanyiki, na mitumbwi inavutwa nchi kavu. Vijana wa kambi wanakuwa na siku kadhaa za kufua nguo, kushona nyavu na kutumia hela. Vibanda vya video vinajaa, na wauza CD kutoka Geita na Sengerema wanazijua siku hizo kama wanavyojua sikukuu. Kazi ya Baba mdogo iliangukia humo humo. Dirisha la sebule lilikuwa wazi, sauti ya Kanumba ikitoka nje tangu asubuhi, na mbele ya nyumba kuna njia ya kwenda mwaloni.

Kwanza alikuja jirani na CD yake ya kwaya, akaomba msaada. Akasaidiwa. Kisha akaja mwingine ambaye hakuwa na CD. Alitaka ile ya Kanumba iliyokuwa ikicheza. Kijana akamnakilia, akapokea elfu moja "ya umeme". Siku ya tatu, Mama alipokuwa Nzera msibani, kulikuwa na foleni barazani, na mwenye kibanda cha video alikuwa amekwishaagiza nakala ya kila filamu ya Lufufu iliyomo trankani. Wasio na deki walirushiwa kwenye flashi na memori kadi. Kopo la DVD 50 lilikwisha, wakatuma bodaboda kununua lingine. Na DVD ya harusi, iliyowaleta wote, ilikuwa bado juu ya kabati haijanakiliwa.

Mama alirudi jioni na kukuta mtu anatoka uani kwake na nakala ya Devil Kingdom ndani ya bahasha ya kaki. Akamsimamisha, akauliza amepata wapi. Akaambiwa, "Hapa hapa, mama, dukani kwenu."

Baba alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kabla hajastaafu, na mambo ya nyumbani kwetu yakizidi uzito yanasikilizwa baada ya chakula, wahusika wote wakiwepo. Niliipakua sheria kwenye simu, yeye akavaa miwani na kututafsiria polepole. Ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kifungu cha 12 kinamruhusu mtu kunakili kazi iliyokwisha kutolewa kihalali kwa umma, bila kuomba ruhusa na bila kulipa, ikiwa nakala ni kwa matumizi yake mwenyewe tu. Programu za kompyuta na vitabu vizima vimewekewa masharti makali zaidi. Na ruhusa yote inakoma pale ambapo nakala inagongana na soko la kawaida la kazi ile, au inaumiza masilahi halali ya mwenye haki.

"Kwa hiyo hatuna kosa," alisema Baba mdogo.

"Wewe uliyemnakilia shemeji yako CD zake, nakala zikarudi trankani, huna kosa," Baba alijibu. "Wewe uliyeuza barazani ni mtu mwingine, ingawa ni wewe."

Baba mdogo si mtu mbaya, na hoja zake nilizisikiliza kwa heshima kwa sababu ndizo hoja za nchi nzima. Alisema Kanumba amefariki, hela haimfikii. Alisema hata alipokuwa hai, wasanii wengi waliuza filamu zao zote kwa msambazaji kwa mkupuo, wakabaki na jina. Alisema watu wanaponunua kifaa cha kunakilia wanakuwa wameshalipa, maana Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilileta tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vya namna hiyo. Mwishoni akasema jambo ambalo lilininyamazisha: "Nionyesheni duka moja hapa Geita nikanunue Devil Kingdom, niende sasa hivi."

La kwanza Mama alilijibu mwenyewe, na alilijibu kwa hasira ya mtu aliyefiwa. Asubuhi ile ya Aprili 2012 redio ilipotangaza kwamba mtoto wa Shinyanga amefariki Dar es Salaam, ana miaka 28 tu, Mama aliacha dagaa zake zikanyeshewa. "Aliyekufa ana mama," alisema. "Mnamwibia mama yake mkiwa mnakula kwangu." Sheria iko upande wake: haki haizikwi na msanii. Filamu inalindwa miaka 50, na anayeishika haki, awe mrithi au msambazaji aliyeinunua, ndiye mwenye kuruhusu mauzo. Kama mkataba ulimpunja msanii, dawa yake ni mkataba bora. Muuza CD wa barazani hamrudishii msanii kile alichopunjwa, anamalizia kilichobaki.

Na ndivyo ilivyotokea kweli. Tangu mwaka 2006 COSOTA, taasisi ya hakimiliki nchini, waliweka kibandiko cha Hakigramu kwenye kava ili mnunuzi ajue kazi halali. Mwaka 2013 zikaongezwa stempu za kodi za TRA. Baadhi ya kava za Mama bado zina stempu hizo, zimekwanguka lakini zipo, na anajivunia. Hata hivyo nakala zisizo na kibandiko ziliendelea kumwagika, pamoja na zile DVD za kigeni zilizosheheni filamu ishirini kwa bei ya moja. Mwezi Aprili 2017 wasanii wa Bongo Movie waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa bila kufuata taratibu. Baadaye simu na intaneti zikalizika soko lote la CD. Tunalalamika kwamba filamu zetu zilipoa. Zilipoa pia kwenye baraza kama yetu, elfu moja moja.

Tozo nayo Baba aliifafanua. Imewekwa kufidia nakala za majumbani, zile ambazo hakuna askari awezaye kuzihesabu. Haimgeuzi mlipaji kuwa duka. Waingereza walijaribu bila tozo: mwaka 2014 waliruhusu mtu kunakili CD yake kwa matumizi binafsi, na Julai 2015 Mahakama Kuu yao ikaifuta kanuni hiyo kwa sababu serikali haikuonyesha kwamba wasanii hawataumia bila fidia. Sisi Watanzania tuna ruhusa na tuna tozo. Ni mpango wa haki, nami nautetea, alimradi fedha zimfikie msanii.

Kijana akauliza tofauti ni nini hasa, kama CD ni ile ile na mashine ni ile ile. Mama akamwambia: "Ukishusha ndoana ukala samaki wako, nani atakusema? Lakini ukivuta kokoro, unazoa hata vifaranga, kesho ziwa ni tupu kwa kila mtu." Hapa Nkome kokoro haihitaji maelezo. Watu wamechomewa nyavu kwa ajili yake. Kijana aliinamisha kichwa.

Hoja ya mwisho ya Baba mdogo haikujibiwa usiku ule, na mimi sitajifanya ilijibiwa. Ni kweli huwezi kutembea Geita ukainunua leo. Filamu zilizowafanya watu wa Kongo, Burundi na Comoro wajifunze Kiswahili chetu zimebaki kwenye matranka ya akina mama, zinaliwa na mchanga. Sheria ikimzuia mtu kuuza, na mwenye haki naye hauzi, kinachofuata ni filamu kufa. Nakala ya Mama iliyofungiwa kufuli huenda siku moja ikawa miongoni mwa chache zilizosalia. Kwangu hilo halihalalishi biashara ya barazani, ila linaonyesha thamani ya kifungu cha 12: nakala halali ya nyumbani ndiyo inayoiweka kazi hai wakati soko limelala.

Hukumu ya Baba ilikuwa fupi. Mauzo yasimame. Kijana azifute nakala zilizobaki kwenye laptopu. Mwenye kibanda arudishiwe hela yake na kibali atafute mwenyewe, kwa kuwa kuonyesha filamu kwa kiingilio kunahitaji ruhusa hata kama CD ni halali. Zilizokwisha kuuzwa hazikurudi. Mwezi ulipopungua zilipanda mitumbwi pamoja na wenyewe, zikaenda visiwani. Fedha zilizopatikana Mama alizifunga kwenye bahasha. Alitaka zimfikie mwenye filamu, lakini maandishi ya kwenye kava yalishafutika. Bahasha iko trankani mpaka leo, na hakuna anayeigusa.

Harusi ilibaki. Laptopu iliisoma hadi pale Bibi anapotoka jikoni, ikagoma. Tulipaka dawa ya meno tukaifuta taratibu, ikasogea kidogo, ikagoma tena. Mpiga video alisema kompyuta aliyohifadhia kazi za miaka ile iliharibika zamani. Kaka alisema tuache. Ndipo wifi akakumbuka kwamba baada ya harusi walinakili CD chache wakawagawia ndugu, na moja ilikwenda kwa binamu yake Buchosa. Alivuka kwenda kuifuata mwenyewe. Ilikuwa ndani ya Biblia, katika bahasha ya nailoni, haijawahi kuchezwa kwa sababu binamu hana deki. Ilisoma mwanzo hadi mwisho.

Sasa harusi ya kaka ipo kwenye DVD mbili mpya, kwenye flashi ya Baba, kwenye laptopu ile ya Australia, na kwa shangazi Muscat, ambaye alipiga simu usiku akilia kwamba amemwona mama yake.

Kwa hiyo ninawaomba wasomaji wenye CD za harusi, za misiba, za ubatizo na za mahafali: ziangalieni wiki hii. Zinakilini mahali pasipopungua pawili, moja ikae nyumbani, nyingine ikae kwa ndugu wa mbali. Filamu mlizonunua nazo zinakilini kwa ajili yenu wenyewe, sheria inawaruhusu, na zisitoke mlangoni kwa bei. Na ninyi wenye haki za filamu za Kanumba na wenzake, zirudisheni sokoni kwa namna ambayo mtu wa Nkome anaweza kuzilipia kwa simu. Mama yuko tayari kuzinunua upya, zote.